Mbuzi Aliyeliwa Harudi

Historia ya watu waliokataa kula nyama niliisoma kwa mara ya kwanza kwenye karatasi iliyofungiwa samaki. Sitii chumvi. Katika soko la Kamina, mama anayeuza samaki wa moshi kutoka Mulongo hatumii mfuko, ana kitabu. Anachana ukurasa, anaukunja, anaweka samaki, anakukabidhi. Kitabu kikiisha anatafuta kingine. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, nimeona vitabu vingi vikifa kifo hicho, na nimezoea kusoma karatasi ya chakula kabla ya kukitia chakula chenyewe chunguni.

Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa wa Kifaransa. Ulisema kwamba wakati wa vita kuu ya pili, Waingereza walipokuwa wakigawiwa nyama na siagi kwa kipimo kama dawa, walikuwapo miongoni mwao watu ambao tayari hawakula nyama, na wachache kati ya hao wakaona bado hawajaacha vya kutosha. Wakasema hata maziwa hawayataki, hata mayai. Wenzao wakaona sasa wamezidi, wakakataa kuwapa nafasi katika jarida lao. Basi wale wachache wakajitenga, wakaunda chama chao kidogo na kujitafutia jina jipya. Kwa nini hasa waliyakataa maziwa, sikuweza kujua, maana hapo ndipo kichwa cha samaki kilipokuwa kimelala, na mafuta yalikuwa yamefuta maelezo yote.

Nilicheka peke yangu jikoni. Mabomu yanaanguka, watu wana njaa, na mtu anasimama kukataa yai. Kwetu anayekataa yai ni yule aliyelinusa. Lakini mwalimu wa historia ana ugonjwa wake: ukimpa tukio bila kumpa sababu, hapati usingizi. Kesho yake nilikuwa sokoni tena.

"Mama, ile kitabu ya jana, ingali iko na kurasa?"

"Iko. Unataka samaki gani?"

"Minyi nataka kartasi tu."

"Minyi nauzisha samaki. Kartasi njo nguo yake. Nikikuuzishia nguo, samaki atabakia uchi mbele ya bantu."

Basi nikanunua samaki. Nikanunua na kesho yake, na wiki iliyofuata pia, na yule mama hakuwa mtu wa kufuata mpangilio wa sura. Alichana popote mkono ulipofika. Leo nilipata mwisho, kesho mwanzo, keshokutwa orodha ya picha ambazo sikuziona kamwe. Mume wangu, ambaye ni fundi wa injini katika reli na hutaka nyama angalau Jumapili, alifunua sufuria siku moja akaifunika tena.

"Mama wa batoto, samaki tena?"

"Ninasoma," nikamjibu.

Nilivyokusanya, historia ilikuwa hivi. Walikuwako Wagiriki wa kale waliokataa nyama kwa kuogopa kwamba ndani ya ng'ombe huenda kuna roho ya mjomba wako. Inasemekana walikataa na maharagwe pia, na hapo nikawahurumia, kwa sababu mtu asiyekula nyama wala maharagwe Kamina hawezi kuumaliza msimu wa mvua. Likaja kanisa moja huko Uingereza lililotaka waumini wake wote waache nyama. Makanisa tunayo mengi hapa, kila njia ina lake na vipaza sauti vyake, lakini sijaona hata moja lililothubutu kufika hapo. Pasta angebaki akihubiria viti. Ikaja sheria ya kwanza ya kumwadhibu mtu anayemtesa farasi au ng'ombe, na wabunge walicheka sana ilipopendekezwa, wakauliza kama kesho paka nao watatungiwa yao. Inasimuliwa kwamba punda mmoja aliingizwa mahakamani aonyeshe majeraha yake mwenyewe. Huyo punda nilimpenda. Nimewaona mashahidi wengi katika mahakama zetu, na wachache walisema kweli kama yeye. Kisha wakaja wanawake waliokuwa wakipigania kura, na baadhi yao waliwapigania na mbwa waliokuwa wakipasuliwa hai na madaktari. Wanaume waliwaambia warudi jikoni, nao walirudi, wakapika bila nyama.

Nilichokiona katika haya yote ni kwamba karibu kila safari watu walianza kwa kuchekwa. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuwacheka.

Halafu siku moja nilikuwa natoka sokoni na samaki wangu katika pembe ya karatasi, nikiisoma huku natembea, nikasimama kupisha baiskeli. Nyuma ya baiskeli alifungwa mbuzi, miguu yote minne pamoja, kichwa kikining'inia karibu na mnyororo. Kwenye usukani walining'inia kuku, vichwa chini. Nimeiona baiskeli hiyo maisha yangu yote. Ni baiskeli ya kila siku, hata nisingeweza kukuambia mara ya mwisho niliyoitazama. Ila siku hiyo nilikuwa na karatasi mkononi, na mbuzi akanitazama jinsi mwanafunzi anavyomtazama mwalimu aliyechelewa. Niliona haya. Sina neno la kitaalamu zaidi ya hilo. Nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nyama, samaki na mayai nimeviacha.

"Na maziwa?" akauliza, maana naye alikuwa amenisikia nikisimulia.

Kuacha maziwa Kamina si sadaka. Maziwa yetu ni unga wa kopo unaonunuliwa mwezi wa mshahara, na mshahara wa reli nao una tabia ya treni. Nikasema na maziwa.

"Na bishimu?"

Hapo alinipata. Bishimu ni wale viwavi tunaokaanga na chumvi, na Waingereza wale hawakuacha hata mstari mmoja juu yao. Waligombana kuhusu asali, walijadili ngozi ya viatu, lakini kiwavi hakuna aliyemkumbuka. Nikatoa uamuzi kwamba kiwavi ataendelea kuliwa hadi ukurasa wake upatikane. Mume wangu akasema huo ni ubunge mtupu.

Nilidhani watu watanicheka kama Waingereza walivyochekwa. Laiti. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeamini. Kwetu mtu akikataa chakula, sababu inajulikana: ana kijila. Kijila ni mwiko. Unapewa na mganga aliyekuponya, au unazaliwa nao, au ukoo wako unao. Huyu hali kambare, yule hali kitu kilichopikwa katika sufuria ya kambare. Hakuna anayekuuliza kwa nini, kwa kuwa mwenye kijila mwenyewe hajui kwa nini. Hiyo ndiyo heshima yake. Mimi nilikuwa na sababu tele, nimezinunua moja moja na samaki, na hakuna aliyetaka kuzisikia. Jirani wa upande wa kulia alitaka tu kujua ni mganga gani. Jirani wa kushoto alinitazama tumbo akahesabu umri wangu, akatikisa kichwa.

Aliyefurahi kuliko wote ni mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi. Yeye ni Muluba wa asili, na tangu niolewe ameniona mtu asiye na kwao: nilizaliwa katika nyumba za reli, baba wa Kasai, mama wa upande wa mashariki, lugha tatu mdomoni na hakuna hata moja inayomridhisha. Aliposikia sili nyama alinyanyuka kitini bila kushikwa mkono. Alisugua sufuria kwa majivu hadi ikang'aa, akaiweka peke yake juu ya kabati.

"Hii njo yako," akaniambia. "Muntu asiguse. Minyi nilikuwa najua iko kitu ndani yako, mwanangu. Ilikuwa inachelewa tu."

"Mama, haiko kijila. Ni mawazo."

"Bote banaanzaka kusema vile."

Nikamwacha. Nilipata sufuria yangu, nilipata heshima, na hakuna aliyenilazimisha supu ya kuku nilipougua malaria. Sombe, yaani kisamvu, kwa karanga, maharagwe, matembele kwa mawese, na bukari, ugali wetu. Nilinenepa, na hilo nalo likahesabiwa kuwa kazi ya kijila.

Mambo yangeendelea hivyo kama binti yetu asingechumbiwa.

Binti yangu ni muuguzi. Kijana aliyemtaka ni wa Base, kambi ya jeshi nje ya mji, mtoto wa ajida mstaafu aliyekuja na jeshi kutoka jimbo la Ekweta akabaki kambini na familia yake. Kijana mwenyewe si askari. Anatengeneza mitambo ya simu, na alikuwa amepata kazi Kalemie. Wangehamia huko mara baada ya harusi. Ukitaka kujua Kalemie ni mbali namna gani kutoka Kamina, usitazame ramani, ingoje treni. Kijana nilimpenda. Anasalimia vizuri, hakatizi maneno ya mtu, alinitengenezea redio bila kuombwa. Na bado nilimwogopa, kama ninavyoamini kila mama anamwogopa mtu anayemchukua mtoto wake hadi mahali ambapo kilio hakisikiki.

Katika mahari yetu kuna kitu kinachoitwa mbuzi wa mama. Vitenge, jembe, pesa, hivyo ni vya baba na wajomba. Mbuzi ni wa mama. Upande wa kijana wanamleta kwa kamba, anachinjwa uani kwa mama, anapikwa, na mama anakula kipande cha kwanza mbele ya wote. Kabla hajameza, kijana ni mgeni. Akishameza, ni mkwe. Mume wangu alinieleza maana yake tukiwa tumekaa nje, kana kwamba mimi sikuzaliwa hapa.

"Bintu ingine yote, ndoa ikikufa, banaweza kurudisha. Kitenge inarudi, franga inarudi. Me mbuzi ya kukula haiwezi kurudi. Iko mu tumbo ya mama. Juu ya ile njo anakulaka mbele ya bantu. Anasema, mutoto nimetosha, simurudishe tena."

"Na mama asipokula?"

"Basi hajatosha," akasema. Kutosha, kwa Kiswahili chetu, ni kutoa.

Binti yangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaja akapiga magoti mbele yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata alipokuwa akiomba ruhusa ya kwenda disko.

"Mama, kula kipande moja tu. Kidogo. Bale bazungu ya kitabu habatakuona."

"Nitajiona minyi."

"Mama, hii iko maisha yangu."

Alilia. Nilimkasirikia kwa kuwa alikuwa na haki. Watu wa Base walikuwa wameshaambiwa tarehe. Nikikataa mbuzi, nimekataa mtoto wao, na binti yangu angebaki nyumbani akinitazama kila asubuhi. Kitabu hakikuwa na ukurasa wa hilo. Huenda kilikuwa nao na umekwenda na samaki wa mtu mwingine.

Mwokozi akawa mama mkwe. Alisikiliza matatizo yetu kwa utulivu wa mtu mwenye ufunguo mfukoni. Mwenye kijila, akasema, halazimishwi popote chini ya jua. Atakula mwingine badala yake, mkubwa wa nyumba, na kumeza kwake kutahesabiwa kumeza kwangu. Mkubwa wa nyumba alikuwa yeye. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji huyu alianza kupona siku hiyohiyo. Alimtuma mtu amletee vijiti vya kuchokolea meno.

Kila mtu akapumua. Binti yangu akanikumbatia. Mimi nilitakiwa kufanya kitu kimoja tu, nacho ni kunyamaza. Walionijua walipaswa kuona hatari mapema.

Walikuja Jumamosi kwa gari la kuazima: ajida na suti yake, mke wake, wajomba wa kijana, kijana mwenyewe katikati kama mfungwa. Mbuzi walimshusha wa mwisho. Alikuwa jike wa kahawia, sikio moja jeupe, na kamba ya kijani ya jeshi shingoni. Walimfunga kwenye nguzo iliyo karibu na kiti changu, kwa kuwa ni wangu. Hotuba zikaanza. Mdogo wa mume wangu alisema kwa niaba yetu, mjomba wa kijana kwa niaba yao, na wakati wakirushiana methali mbuzi alikula maua yote ya karatasi ambayo binti yangu na rafiki zake walikuwa wametengeneza siku nzima. Kisha akaanza pindo la kitenge changu. Sikumzuia. Nilikuwa natazama kisu, kilichokuwa kimewekwa juu ya jani la mgomba, safi kabisa.

Ulipofika wakati wake mama mkwe alisimama, akajitengeneza kilemba.

"Bakwe betu, bibi ya mutoto wangu iko na kijila. Hakulake nyama. Minyi mukubwa wa hii nyumba nitakula mu jina yake."

Ajida aliinamisha kichwa kwa heshima. Kijila alikielewa, akasema. Baba yake mwenyewe hakula mamba hadi kufa. Wajomba wakakubali. Mmoja akavua koti na kukunja mikono ya shati. Akalishika jani la mgomba, akakinyanyua kisu, akaja upande wangu, kwa sababu upande wangu ndiko mbuzi alikokuwa, na mbuzi alikuwa bado na kitenge changu mdomoni.

Ningenyamaza hapo, hadithi ingeishia vizuri kwa kila mtu aliyekuwa na miguu miwili. Lakini nilikuwa nimenyamaza miezi mingi. Nilikuwa nimeacha watu waseme kwamba wazo langu, la kwanza ambalo nililichagua mwenyewe bila mume, mwajiri wala pasta, nimepewa na mganga nisiyemjua. Na sasa wazo hilohilo lilitumika kumchinja mbuzi ambaye lilipaswa kumlinda. Hasira ilinipanda kuanzia miguuni. Nikasema kimoyomoyo liwalo na liwe, nikasimama.

"Minyi shiko na kijila."

Kisu kikasimama. Mama mkwe akakaa chini taratibu, kama mtu ambaye treni yake imeondoka.

"Sasa, juu ya nini haukulake nyama?" akauliza ajida.

Nikawafundisha. Ninajua sikupaswa, lakini miaka mingi mbele ya ubao inamharibu mtu. Niliwaeleza Wagiriki, nikawaeleza punda na mahakama, nikafika kwa Waingereza na vita na mayai. Nikaona nyuso zao zinavyozidi kuwa za kanisani. Ajida alinisikiliza hadi mwisho, lazima nimpe haki yake.

"Mama, baba yangu alikuwa mupishi wa Babeleji," akasema. "Alibapikia asubui, alibapikia mangaribi. Hakuona hata mumoja mwenye anakatala nyama."

"Bale ya kitabu balikuwa Baangele," mjomba mmoja akamsaidia, akimaanisha Waingereza. "Pengine balikuwa bagonjwa."

"Sawa," akasema ajida. "Unataka tufanye nini na hii mbuzi?"

"Ibakie muzima. Hapa kwangu. Nimeikamata, ni yangu, nawashukuru sana. Me habataichinja."

Wajomba wakasogeza vichwa wakaongea Kilingala kwa sauti ya chini. Ajida hakuwasubiri wamalize. Alinigeukia, na sauti yake haikuwa tena ya mgeni.

"Mbuzi ya muzima inaweza kurudi, mama. Weye unajua, mutu wote hapa anajua. Unataka kutuambia kama mutoto yako naye anaweza kurudi?"

Binti yangu alifunika uso kwa mikono. Mume wangu alinitazama kwa macho anayotazamia injini iliyokatika breki. Jibu nilikuwa nalo tayari, jibu zuri, la adabu: hapana baba, msielewe vibaya, mtoto nimemtoa kwa moyo wote, huyu mnyama ni jambo jingine. Nilifungua mdomo kulisema. Nikagundua si kweli. Wakati wote ule nilidhani nampigania mbuzi, na mbuzi nilimpigania, Mungu shahidi. Lakini nyuma yake nilikuwa nimemficha mtu mwingine. Nilikuwa naogopa. Niliogopa Kalemie, niliogopa ukimya wa Kalemie, na niliogopa kumeza mbele ya watu kitu ambacho nisingeweza kukitapika siku nitakapoambiwa mtoto wangu anapigwa.

"Ndiyo," nikasema. "Anaweza kurudi. Minyi nitalisha hii mbuzi. Siku mutoto wangu atalia kule, na hakuna mutu wa kumusikia, nitaikamata na kamba, nitapanda nayo mu treni, nitaileta mpaka ku mulango yenu. Kama halie, itazeekea hapa, itakuwa kambo, mwenye bajukuu."

Kijana alikuwa anatazama ardhi. Mbuzi peke yake aliendelea kutafuna. Niliwaza: nimemharibia mwanangu ndoa yake yote kwa dakika moja, na kwa ajili ya kitabu kisicho na jalada.

Aliyesema ni mama wa kijana. Tangu wafike hakuwa ametamka zaidi ya salamu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono ya mtu aliyeuza vitu vidogo mbele ya kila kambi aliyopita. Hakusema nami, alisema na mume wake, kwa Kiswahili chetu na si kwa lugha yao, nadhani ili sote tusikie.

"Mbuzi ya mama yangu mulikula. Asubui ilikuwa nzima, saa sita ya midi tayari iko mu sahani. Minyi nililia mu kila kambi yenye ulinipeleka. Hata mama yangu akisikia, angerudisha nini?" Akamwonyesha mbuzi kwa kidevu. "Acha mbuzi ibakie."

Ajida alitazama viatu vyake, vilivyong'arishwa kijeshi. Nilikuwa nimemchukia dakika chache kabla, na sasa nilimwonea huruma, kwa sababu alionekana kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwake kutoka kwa redio ya jirani. Kisha akamwashiria mjomba akirudishe kisu. Askari mzuri hujua saa ya kurudi nyuma. Kijana akainuka bila kutumwa, akaja hadi kwenye nguzo, akanishika mikono miwili na kuinama.

"Mama mukwe," akaniita.

Sikuwa nimemeza kitu. Nikamwitikia.

Walikula sombe na maharagwe. Wajomba walikula kama watu walio msibani, kwa adabu na bila kuangaliana. Mama mkwe alikataa kugusa chochote. Alisema kijila kina faida zake, mtu mwenye kijila angalau anawaacha wengine wale. Vijiti vyake vya meno alimpa mbuzi.

Binti yangu hakuzungumza nami vizuri tangu siku hiyo. Alinijibu ndiyo na hapana. Harusi ya kanisani ilipita, picha zikapigwa, katika zote anatabasamu kwa upande ule ambao mimi sipo. Rafiki zake walimwambia mama yako amekuaibisha, na yeye hakuwakatalia. Nilijiambia ni haki yake. Nilimlisha mbuzi maganda ya muhogo, nikahamisha sahani ya mama mkwe mbali na dirisha ambalo mbuzi alikuwa akiingizia kichwa, na nikangoja.

Treni ikapatikana. Tulifunga vyombo vyake, sufuria, godoro, sare yake ya uuguzi. Mume wangu alikuwa ameshatangulia stesheni kuhakikisha nafasi. Kijana alipakia mizigo kwenye mkokoteni, na tulipokuwa tayari kuondoka binti yangu hakuonekana. Nilidhani amekwenda kuagana na bibi yake. Nikamkuta uani, amechuchumaa mbele ya mbuzi na gauni lake la safari, anapima kamba kwa vidole, sehemu ile iliyoanza kuchakaa karibu na nguzo. Hakugeuka aliponisikia.

"Mama, hii kamba iko mubaya. Itakatika," akasema. "Utafute mnyororo. Na usiku uikamatie mu nyumba, hapa bezi ya mbuzi iko mingi."

Nilimwambia nitanunua mnyororo kesho asubuhi. Akafunga upya lile fundo, akalivuta kwa nguvu kuona kama linashika.